Amri Isiyo na Mwenyewe

Niliolewa Mkunya nikitokea Masasi, miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza, wakati vijana walipokuwa wakificha kadi za chama kwenye nyasi za paa. Kwetu tulikuwa watu wa kanisa. Babu yangu alibatizwa na wamisionari, baba yangu alifundisha dini, na jioni kwetu ilikuwa saa ya kelele. Kwaya ilifanya mazoezi upande huu, upande ule watu walipiga ngoma, na wanawake waliulizana habari kutoka ua mmoja hadi mwingine huku wakitwanga. Sikujua kwamba kelele hizo ni kitu ambacho mtu anaweza kunyang'anywa.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Siku aliyonipeleka kwake tulifika mchana, wakwe zangu wakanipokea vizuri, nikapewa kigoda nikakaa nje kuchambua kisamvu. Jua lilipoanza kuinama nyuma ya mikorosho nilisikia kengele ya mkononi, kama ile ya shule, ikilia polepole huko mbali. Mume wangu akatoka ndani, akachukua ungo wangu wa kisamvu, akachukua na kigoda nilipoinuka. Akaniambia niingie. Nilidhani ananitania, nikamwambia bado kuna mwanga wa kutosha. Hakucheka. Alifunga mlango, akaweka gogo nyuma yake, akakaa kitandani mikono magotini.

Nikasikia milango mingine ikifungwa, wa jirani, kisha wa mbele yake, kisha ile ya mbali. Kengele ilipita nyuma ya nyumba yetu pamoja na mlio wa viatu kwenye mchanga, ikaenda zake. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Nimeishi miaka mingi, na nimekaa katika nyumba zenye misiba, lakini kimya cha namna ile sijakutana nacho tena. Hakikuwa kimya cha watu waliolala. Kijiji kizima kilikuwa macho, nyuma ya milango, kikisikiliza.

Mume wangu alinieleza kwa kunong'ona. Zamani kidogo, kabla yeye hajaanza kufundisha, simba alipanda kutoka bonde la Ruvuma akala watu. Alimchukua mwanamke njiani akirudi na mtungi, akamchukua mtu mwingine mlangoni kwake. Serikali ikatoa amri kwamba jua likishuka mtu asionekane nje, moto usiwashwe uani, ngoma isipigwe. Mwenye haja ya kutoka aombe ruhusa kwa jumbe. Tarishi wa jumbe akapewa kengele ya kuwakumbusha watu.

"Na simba?" nikauliza.

"Aliuawa."

"Lini?"

Akafikiri. Alisema ni mwaka ule ule.

Nilimwuliza basi kengele ni ya nini. Akasema amri haijafutwa. Akalisema hilo kama mtu anavyosema mvua haijanyesha.

Nikaanza kuishi kama walivyoishi. Kule juu maji ni shida. Tulikuwa tunashuka bondeni kuyatafuta na kupanda nayo kichwani, na wanawake wakubwa walinisimulia kwamba zamani walikuwa wakienda jioni, kwenye ubaridi. Sasa tulikwenda jua likiwa utosini. Harusi zilifanywa asubuhi. Ngoma za unyago zilichezwa mchana, nusu nusu, kila mtu akitazama kivuli chake kimerefuka kiasi gani. Aliyekamatwa nje alilima shamba la jumbe, na shamba lile lilikuwa limepaliliwa vizuri kuliko yote ya Mkunya.

Jambo lililonitisha zaidi ni jinsi watu walivyoizoea ile hofu mpaka ikawa haina haja ya simba. Wengine walisema simba aliyeuawa hakuwa yule, yule alikuwa mtu aliyejigeuza, na bado yupo. Wengine walisema anayepita na kengele si tarishi, kwa sababu hakuna aliyemwona, tulisikia viatu tu. Watoto walikuwa na mchezo wao. Mmoja aligonga kopo, wenzake wakajiangusha chini na kukaa bila kupumua, na wa kwanza kucheka ndiye aliyeliwa. Nilisimama nikawatazama siku moja nikaona hawachezi kama watoto. Walikuwa hodari mno wa kunyamaza.

Na mimi pia nilibadilika. Nakumbuka wiki moja ya mawingu, wakati wa mavuno ya korosho, jua halikuonekana siku kadhaa na watu hawakujua saa. Hata hivyo kila jioni niliisikia kengele ikitokea upande wa mikorosho, nikasikia na viatu, nikaweka gogo nyuma ya mlango mimi mwenyewe kabla mume wangu hajanyanyuka. Mara nyingine wenzake walikuja mapema wakajifungia humo ndani pamoja naye. Walizungumza habari za uhuru mpaka alfajiri, kwa sauti ya chini, na kadi zao zikiwa juu ya vichwa vyao ndani ya nyasi. Mwalimu hakuruhusiwa kuwa na kadi, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusikiliza kama kuna mtu nje. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutaja kengele.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa Kimakonde, mwenye nembo usoni na ndonya kwenye mdomo wa juu, anayeishi na mumewe mgonjwa. Watu wote walimwita Bibi, na mimi aliniita Mama Mwalimu ingawa sikuwa na mtoto bado. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mumewe alipofariki, padri alikuwa safarini, kwa hiyo ilimpasa mume wangu aongoze maziko.

Siku ile kila kitu kilichelewa. Ndugu wa marehemu walitembea kutoka Lupaso wakafika wamechoka. Wachimbaji walikutana na mzizi wa mkorosho ndani ya kaburi, wakakaa wakiukata. Tulipolifikisha jeneza jua lilikuwa limekwisha kuinama na watu walikuwa hawautazami tena msiba, walikuwa wanatazama miti. Mume wangu alisoma haraka haraka. Jeneza likashushwa, Bibi akatupa udongo wake, wanaume wakaanza kufukia.

Kengele ikalia.

Niliona majembe yakisimama. Mtu mmoja akaliegemeza jembe lake kwenye mti taratibu, kama asingependa lisikike. Wakaanza kuondoka, hawakukimbia, waliinamisha vichwa wakapita katikati ya makaburi mmoja mmoja. Ndugu wa Lupaso walishangaa, wakavutwa mikono na wenyeji wao. Mume wangu alikuwa katikati ya sala. Alifunga kitabu. Akanishika mkono akasema, "Twende."

Bibi hakugeuka. Alipiga magoti akaanza kuusukuma udongo kwa mikono, na udongo ulikuwa bado unaonyesha ubao wa jeneza. Sikupanga kufanya lolote. Mkono wangu ulitoka tu ndani ya mkono wa mume wangu. Aliniangalia, akaangalia njia, na uso wake nauona mpaka leo, ulikuwa uso wa mtu anayeomba asamehewe kabla hajaulizwa. Kisha akaondoka.

Nilichukua jembe. Tulifukia sisi wawili, giza likiingia, ukungu ukipanda kutoka bondeni na kutambaa kati ya misalaba. Nilimwogopa simba niliyejua amekufa. Nilisikia majani yakikanyagwa nyuma yangu, nikageuka, sikuona mtu. Nikaendelea kufukia. Bibi alikuwa akizungumza na mumewe kwa Kimakonde, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama walivyokuwa wakizungumza uani kwao mchana.

Tarishi alitukuta tukipiga udongo kwa mgongo wa jembe. Nilimwona kwa mara ya kwanza, mtu mwembamba mwenye kaptula ya kaki na viatu vikubwa kuliko miguu yake. Hakutugusa. Alisimama mbali, kengele ameishika kwa ndani ili isilie, akasema asubuhi twende kwa jumbe.

Tulikwenda. Jumbe alikuwa mzee mwenye adabu. Tulimwamkia, akaitikia, akampa pole Bibi kwa msiba. Kisha akasema tutalima. Alisema si yeye, ni amri, na kwamba roho inamuuma kwa mfiwa lakini akimwachia mmoja atawaachia wote.

Bibi akamwuliza amri ni ya nani.

"Ya serikali," jumbe akajibu.

"Serikali ni watu. Nani?"

Watu waliokuwa barazani wakatazama chini. Mwishowe jumbe akasema kama hatumwamini twende boma tukaulize wenyewe, na akalisema kwa hasira ya mtu aliyetukanwa. Nadhani hakutegemea kwamba mjane mzee angeondoka kesho yake asubuhi kwenda Newala kwa miguu. Nilikwenda naye. Mume wangu alinisihi nisiende, akisema atafukuzwa kazi. Nilijifunga kanga nikatoka, na yeye hakunizuia.

Boma la Newala lilikuwa na baraza pana yenye benchi, na kwenye benchi lile tulikaa mpaka makalio yakafa ganzi. Karani wa kwanza alisema hilo ni la karani wa pili. Wa pili alikuwa hodari wa kuandika, alituuliza majina ya wazazi wetu, akatuambia simba ni kazi ya idara ya wanyama, nayo haina mtu hapa. Tulipomwambia hatuna shauri na simba, tuna shauri na amri, akaweka kalamu chini akatutazama vizuri. Akafungua kabati, akafunua makaratasi, akafunga kabati. Alisema hajui amri ya namna hiyo.

Ukutani, juu ya benchi, ilitundikwa ngozi ya simba. Nondo walikuwa wameila mgongoni, na mkia haukuwepo. Hakuna aliyetuambia ni yule, lakini Bibi alikwenda akasimama mbele yake muda mrefu. Akaweka kiganja chake juu ya unyayo wa ngozi ile. Unyayo ulizidi kiganja kidogo tu.

"Kumbe alikuwa hivi," akasema.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuwa kijana, Mwingereza mgeni, ngozi ya pua ikimbambuka kwa jua. Alitusikiliza kupitia mkalimani, na siwezi kusema alikuwa mkatili. Alishangaa kweli. Alisema serikali haijakataza mtu kutoka nje ya nyumba yake Mkunya wala popote katika wilaya, na kwamba kama wakati fulani kulikuwa na onyo kuhusu simba, lilikuwa onyo la wakati ule. Bibi akasema vizuri, basi amwandikie jumbe kwamba amri imefutwa. Mkalimani akafasiri. Bwana Shauri akafikiri, akatikisa kichwa.

Mkalimani akatuambia, "Anasema hawezi kufuta amri ambayo haipo. Akiifuta atakuwa amesema ilikuwepo."

Bibi akauliza tufanye nini. Tuliambiwa tupeleke malalamiko kwa jumbe, jumbe ayapeleke kwa liwali, naye liwali ayalete bomani. Bwana Shauri akasimama, akatupa mkono, akasema pole kwa msiba. Mkono wake ulikuwa na jasho.

Njiani nilihisi kitu ambacho sikuwa na neno lake. Miaka yote ile nilidhani kuna mtu mahali fulani, nyuma ya meza kubwa, anayetutazama na kutaka tufunge milango. Ningeweza kumchukia mtu huyo. Sasa nilikuwa nimefika kwenye meza yenyewe, nikakuta kiti kimekaliwa na kijana asiyejua habari zetu. Kijiji kizima kilikuwa kinamtii mtu ambaye hayupo. Hilo lilinitisha kuliko simba.

Tuliingia Mkunya jua limekwisha kuzama. Kengele ilikuwa imekwisha kupita. Tulitembea katikati ya kijiji changu mwenyewe kama watu waliotoka makaburini. Nyumba zote zilifungwa, lakini nilijua tunatazamwa, niliona mwanga wa kibatari ukizibwa kwenye nyufa za mlango mmoja na wa pili, kadiri tulivyopita. Mtoto mmoja akauliza kitu ndani, akanyamazishwa. Kuku alilia juu ya mti. Bibi alitembea katikati ya njia, pole pole, na mbele ya nyumba ya jumbe akakohoa.

Kesho yake, jua lilipoinama, aliwasha moto uani kwake. Alibandika sufuria ya ming'oko, vile viazi vya porini, juu ya mafiga, akakaa. Nilitoka na kigoda changu, nikakaa kando yake. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni kwetu, nusu ndani nusu nje. Kengele ikaanza kulia, milango ikafungwa, viatu vikaja vikasimama mbele yetu.

Tarishi alituambia tuingie ndani. Bibi akamkaribisha ming'oko. Akarudia tuingie ndani. Bibi akamwuliza ni nani aliyemtuma, na yeye akasema jumbe. Akamwuliza nani aliyemtuma jumbe, akasema boma. Bibi akamwambia tumetoka boma jana, na boma limesema halikumtuma mtu. Alimwambia bila kumdhihaki, kama unavyompa mtu habari za kwao.

Yule tarishi akakaa chini, si kwenye kigoda tulichomsogezea, alikaa kwenye mchanga. Akavua kiatu kimoja akakung'uta.

"Wakati wa mavuno niliumwa," akasema. "Nilikaa kwa dada yangu Masasi wiki nzima. Kengele niliificha chini ya kitanda, hakuna aliyeigusa. Niliporudi nikasubiri jumbe anigombeze. Hakuniuliza kitu. Nikaulizia kwa watu, kila mtu akaniambia nimepiga kengele kama kawaida."

Niliikumbuka wiki ile ya mawingu, na sauti ya kengele kutoka kwenye mikorosho, na viatu kwenye mchanga, na gogo nililoliweka kwa mikono yangu. Ningeapa mbele ya padri kwamba nilisikia. Bado naisikia nikikumbuka.

Ni Bibi aliyesema, "Kula, baba. Inapoa."

Akala. Baada ya kitambo mume wangu akatoka mlangoni akaja. Hakuwa na kigoda, alichuchumaa karibu yangu, akanyoosha mkono akachukua mng'oko mmoja akaumenya bila kuula. Jioni ile tulikuwa wanne tu. Iliyofuata walikuja watu wa nyumba moja, wakakaa mbali na moto kama wageni, wakaondoka mapema. Haikuwa kama watu wanavyosimulia mambo ya aina hii, kwamba kijiji kilitoka kwa siku moja na kuimba. Ilichukua majira mazima. Wengine walifungua milango wakakaa kizingitini, miguu ndani. Baba mkwe wangu hakutoka. Alijifungia kila jua likishuka, Mwingereza akaondoka, bendera ikabadilishwa, na bado alijifungia mpaka alipofariki.

Jumbe hakutuita tena kulima. Hakufuta kitu, hakutangaza kitu. Kwa kuwa Bibi alikuwa mzee, aliwahi kupiga kura mara moja tu maishani, na alinisumbua wiki nzima kabla ya siku yenyewe akitaka kujua mtu tunayemchagua tukimkataa baadaye tutamwambia nani. Nilimwambia tutaambiana sisi. Alisema hilo ndilo alitaka kulisikia.

Baada ya uhuru nimehudhuria mikutano mingi, na wanangu wanaona haya kwa sababu kila tangazo likisomwa mimi husimama kuuliza limetoka kwa nani na litakwisha lini. Kuna kijana mmoja wa serikali yetu wenyewe aliwahi kunijibu kwamba mama, hii si serikali ya mkoloni. Nilimwambia najua, ndiyo sababu nauliza.

Jumbe nilimwona mara ya mwisho hospitali ya Ndanda, nilipokwenda kumuuguza mwanangu wa pili. Alilazwa wodi ya wanaume, amekonda, mikono yake imekuwa kama ya mtoto. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanijua kwa sauti. Tulizungumza habari za mvua na za watu waliofariki. Nilipotaka kuondoka akanishika kitenge.

"Mama Mwalimu, kila mwaka nilisubiri boma waniambie niache. Hawakuniambia. Nanyi mlikuwa mkiingia ndani, hamkuniuliza. Nikadhani mnaitaka ile amri."

Nilitaka kumwambia kuhusu shamba lake lililopaliliwa vizuri, na mzee aliyezikwa nusu, na watoto waliokuwa hodari wa kunyamaza. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu rahisi. Muuguzi akapita akaniashiria muda umekwisha. Nikamnyanyua kidogo, nikaweka mto wake vizuri, nikaenda kumwangalia mwanangu.